Gharama ya matibabu ya saratani: daktari anapima nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wagonjwa na ndugu wanaowauguza, hasa walioko Kenya na Tanzania. Unaeleza jinsi daktari wa saratani anavyofikiri anapochagua kati ya dawa ya bei hii na ya bei ile, na mambo ya kumwuliza. Bei na viwango vya bima hubadilika, kwa hiyo ulizia upya kabla ya kulipa chochote. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye lingine.

## Mambo ya msingi

1. Daktari anafikiria mfuko wangu kweli, au anaandika tu dawa anayoiona bora?

Anafikiria, hata asiposema. Daktari aliyekaa wodi ya saratani miaka michache ameshaona wagonjwa walioanza vizuri, kisha wakapotea baada ya mzunguko wa pili wa dawa kwa sababu pesa ziliisha. Dawa nzuri isiyomalizwa haimfikishi mtu mbali. Uvimbe husinyaa, ukarudi, na safari hii huenda dawa ileile isiuweze tena.

Lakini kabla ya kufika kwenye bei, anajiuliza: tunataka kuponya, au tunataka kumwongezea mgonjwa muda na nafuu? Saratani ya titi ya hatua ya pili, ya mlango wa kizazi ambayo haijasambaa mbali, limfoma ya Burkitt ya watoto (saratani ya mfumo wa limfu): hizi hutibiwa kwa nia ya kuponya, na hapo daktari atapigania kila dozi itolewe kwa wakati wake. Saratani ikiwa imeshafika kwenye ini au mifupa, kwa kawaida hesabu hubadilika. Sasa anapima dawa itaongeza miezi mingapi, miezi hiyo itakuwa ya namna gani, na nyumbani kutabaki nini. Ndiyo maana wagonjwa wawili wenye saratani ya "jina moja" wanaweza kuandikiwa matibabu ya bei tofauti kabisa na wote wakawa wametendewa haki.

2. Dawa ghali si ndiyo yenye nguvu?

La. Kampuni hupanga bei kwa kuangalia soko litabeba kiasi gani na hatimiliki ya dawa ina miaka mingapi mbele. Nguvu ya dawa ni habari nyingine.

Mwaka 2012 hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York, moja ya hospitali kubwa za saratani duniani, ilikataa kuiingiza Zaltrap, dawa ya saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Dawa hiyo iliongeza maisha kwa takriban siku 42. Avastin, iliyokuwapo tayari, ilifanya karibu hivyohivyo, ila Zaltrap iliuzwa kama dola 11,000 kwa mwezi, takriban mara mbili. Madaktari watatu wa hospitali hiyo wakaeleza sababu zao gazetini. Wiki chache baadaye kampuni ikaishusha bei kwa nusu. Dawa ni ileile, siku ni zilezile 42, bei nusu. Hebu niambie nusu ile ya kwanza ilikuwa ya nini.

Upande wa pili kuna tamoxifeni, kidonge cha miaka ya 1970 ambacho bei yake ni ya chini sana. Kwa mwanamke mwenye saratani ya titi inayochochewa na homoni, kukimeza miaka 5 hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi kwa karibu nusu. Sisiplatini nayo ni ya zamani na ni rahisi, na bado ndiyo inayoandamana na mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi. Ukiandikiwa dawa ya zamani usidhani umedharauliwa.

3. Daktari anajuaje kama dawa inastahili bei yake?

Ana mizani kadhaa. Chama cha madaktari wa saratani cha Ulaya, ESMO, kilitoa kipimo chake mwaka 2015. Matibabu ya kuponya hupewa A, B au C, na yale ya saratani iliyosambaa hupewa alama 5 hadi 1. Dawa yenye A, B, 5 au 4 huhesabiwa kuwa na faida kubwa. Shirika la Afya Duniani, linapoamua dawa gani ya saratani iingie kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa kawaida hutaka iwe inaongeza angalau miezi 4 hadi 6 ya uhai bila kuharibu ubora wa maisha. Uingereza wana taasisi iitwayo NICE, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiuliza kama dawa inanunua mwaka mmoja wa afya njema kwa pauni 20,000 hadi 30,000. Ikizidi hapo, mara nyingi hukataliwa hadi kampuni ipunguze. Kwetu, madaktari wengi hutumia miongozo ya NCCN, muungano wa hospitali za saratani za Marekani, iliyorekebishwa kwa ajili ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara, inayotenganisha tiba ya lazima na ile ya kuongezea pale uwezo upo.

Wewe huhitaji kukariri haya. Ila ujihadhari na asilimia. Ukisikia "inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 20", sauti ni kubwa, lakini kwa mgonjwa ambaye angeishi mwaka mmoja inaweza kumaanisha miezi miwili au mitatu. Mwombe daktari akupe jibu kwa miezi, au kwa watu: kati ya wagonjwa 100 kama mimi, wangapi watanufaika?

4. Mbona vipimo vingi kabla ya kuanza dawa? Si bora pesa hizo ziende kwenye tiba?

Kipimo cha nyama (kipande kidogo cha uvimbe kinachokatwa na kuchunguzwa maabara) na vipimo vya ziada vya nyama hiyo ndiyo sehemu ya mwisho ya kubana matumizi. Chukua saratani ya titi. Takriban wagonjwa 15 hadi 20 kati ya 100 wana uvimbe wenye HER2 nyingi, protini inayouchochea kukua, na hao ndio wanaofaidika na trastuzumabu, dawa inayoizuia protini hiyo. Asiyenayo akipewa, amelipa mamilioni kwa maji. Mwenye nayo asipopimwa, amenyimwa dawa ambayo ingeweza kumponya.

Vipo vipimo vya kuhoji, lakini. Kwa saratani ya titi iliyowahiwa na isiyo na dalili za kusambaa, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilishauri tangu 2012 kwamba picha za PET, za CT na za mifupa zisiagizwe kama desturi. Kinachokula pesa zaidi kwetu ni kurudia: mgonjwa anahama hospitali, ripoti imebaki kule alikotoka, kila kitu kinaanza upya. Tazama swali la 18.

## Bima na misamaha

5. Kenya, SHA inalipa kiasi gani?

Ilipochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) iliweka sh 400,000 kwa kaya kwa mwaka kwa saratani kutoka mfuko wa bima ya afya ya jamii, SHIF, na sh 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura: jumla sh 550,000. Mwishoni mwa 2025 serikali ilitangaza kwamba kiwango kitapanda hadi sh 800,000. Oktoba mwaka huohuo wizara ya afya ilitangaza makubaliano na kampuni ya Roche ya kushusha Herceptin (trastuzumabu ya kampuni hiyo) kutoka sh 120,000 hadi sh 40,000 kwa kila dozi, ilipwe na SHA.

Zingatia neno "kaya". Mume na mke wakiugua mwaka mmoja, wanachota chungu kimoja.

6. Na Tanzania?

Mwenye bima hutibiwa kulingana na kitita cha bima yake, na si kila dawa mpya imo, kwa hiyo uliza jina la dawa kwa dirisha la bima kabla ya siku ya dripu. Asiye na bima wala uwezo huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, ili aombe msamaha. Fanya hivyo siku ya kwanza. Watu huona haya, wakakopa kwanza, wakaenda ustawi wakiwa na deni tayari, na deni lililokwisha kulipwa kwa mkopo halisamehewi na mtu. Watoto wanaotibiwa saratani katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, husaidiwa pia na shirika la Tumaini la Maisha.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023.

7. Bima ikikaribia kwisha, daktari anafanyaje?

Anapanga foleni ya matibabu. Yale yanayoponya yanatangulia: upasuaji, kemo (tibakemikali) ya msingi, mionzi. Yale yanayoweza kusubiri bila madhara yanasogezwa hadi mwaka mpya wa bima. Daktari mwingine atabadilisha dripu ya siku kadhaa wodini kwa vidonge vya kapesitabini nyumbani, gharama ya kitanda ikafutika. Kazi hii anaiweza akiwa anajua salio lako. Wagonjwa wengi humwambia siku kaunta ilipowakatalia, na siku hiyo mzunguko unakosekana.

## Kupunguza gharama bila kupunguza tiba

8. Nimepewa dawa ya kampuni ya India badala ya ile ya Ulaya. Ni sawa?

Ikiwa imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi (TMDA Tanzania, PPB Kenya) na imetoka duka la hospitali au famasia inayotoa risiti, ndiyo, na daktari ataichagua bila kusita.

Imatinibu ndiyo mfano wa kufundishia. Iligeuza saratani sugu ya damu, CML, kuwa ugonjwa wa kumeza kidonge kila siku na kuendelea na maisha. Ilipotoka 2001 mwaka mmoja wa dawa Marekani uligharimu chini kidogo ya dola 30,000. Bei ikaendelea kupanda kila mwaka ingawa dawa haikubadilika, hadi 2013 madaktari zaidi ya 100 wa ugonjwa huo kutoka nchi mbalimbali wakatia saini makala ya kulalamikia bei. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya India ilikataa kuipa Novartis hatimiliki mpya ya dawa hiyo, na viwanda vya huko vikaendelea kuitengeneza kwa bei ya chini sana. Mgonjwa anayemeza ya bei hiyo anatibiwa sawasawa. Hatari iko kwa anayeruka siku ili kopo lidumu.

Kwa dawa zitengenezwazo kwa chembe hai, kama trastuzumabu, nakala huitwa bayosimila na hupimwa kwa ukali zaidi. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha ya kwanza ya trastuzumabu Desemba 2019 na likasema bayosimila hizo kwa kawaida ni nafuu kwa asilimia 65 kuliko ya awali.

9. Kwa nini nimepangiwa siku moja na wagonjwa wengine wa dawa ileile?

Ili dawa isimwagwe. Hesabu yake ni hii. Mama wa kilo 60 anahitaji miligramu 360 za trastuzumabu kila wiki 3 (dozi ya kwanza peke yake ndiyo huwa kubwa zaidi). Vichupa vikiwa vya miligramu 150, anafunguliwa 3, yaani 450, na 90 zinabaki. Kichupa hicho hakina kihifadhi, hivyo kilichobaki hakiwezi kumsubiri hadi dozi ijayo. Wakija kina mama wawili wa uzito huo siku moja, wanahitaji 720, na vichupa 5 vinawatosha badala ya 6. Wakija watano, ni vichupa 12 badala ya 15. Vitatu vizima vimeokolewa asubuhi moja na hakuna aliyepunguziwa tone.

Kichupa cha 440 ni tofauti. Kikichanganywa na maji yake maalumu yenye kihifadhi hukaa kwenye friji hadi siku 28. Mama yuleyule wa kilo 60, mfamasia akitumia kilichobaki kwanza kila mara, vichupa 5 vinampa dozi 6. Kwa hiyo ukiona mfamasia ameandika jina na tarehe kwenye kichupa na kukirudisha kwenye friji, usimshuku. Na kama umenunua kichupa kizima kwa pesa zako, una haki ya kuuliza: kilichobaki kimekwenda wapi?

10. Mwenzangu alipigwa mionzi mara 10, mimi wamesema mara 1 tu. Nimepunjwa?

Kama ni kwa ajili ya maumivu ya mfupa uliovamiwa na saratani, hapana. Tafiti nyingi zimelinganisha dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) na mara kama 10 zenye jumla ya grei 30, na maumivu yalipungua kwa kiwango kilekile. Tofauti ni kwamba waliopigwa mara moja huhitaji kurudia mara nyingi zaidi baadaye: takriban 20 kati ya 100, dhidi ya 8. Kwa mzee aliyesafirishwa kutoka Kigoma hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mara moja maana yake ni kupigwa mionzi na kugeuza. Mara kumi ni wiki mbili za nyumba ya wageni, chakula cha watu wawili, na mwana aliyefunga duka. Daktari mzuri huweka vyote hivyo kwenye mizani, ingawa havimo kwenye bili ya hospitali.

Saratani ya titi nayo imefupishwa. Siku 25 zilishuka hadi 15, na utafiti wa Uingereza uitwao FAST-Forward, wa wagonjwa 4,096, ulionyesha 2020 kwamba siku 5 zinaweza kutosha kwa wengi. Kwa mlango wa kizazi hakuna ufupisho wa namna hiyo. Huko cha muhimu ni kumaliza yote, pamoja na mionzi ya ndani, bila kuzidi wiki 8.

11. Nimesikia watu wanatumia nusu dozi na inafanya kazi. Nijaribu?

Usijaribu peke yako. Ni kweli kwamba baadhi ya dozi zilipangwa juu kuliko inavyohitajika, na kuna madaktari wanaotafuta kiasi cha chini kinachotosha. Abirateroni, dawa ya saratani ya tezi dume, huandikwa miligramu 1,000 tumbo likiwa tupu. Utafiti mdogo wa wagonjwa 72, uliochapishwa 2018, uliona 250 pamoja na chakula zikiishusha PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) vilevile, kwa sababu chakula huongeza ufyonzwaji wa dawa. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilijaribu kuongeza kwenye kemo nivolumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, miligramu 20 tu, kwa saratani za kichwa na shingo, na wagonjwa wakaishi zaidi ya wale waliopewa kemo peke yake. Sindano ya zoledroniki ya mifupa inaweza kutolewa kila wiki 12 badala ya 4.

Trastuzumabu ndiyo yenye mabishano. PERSEPHONE, utafiti wa Uingereza wa zaidi ya wanawake 4,000, uliona miezi 6 ikikaribiana mno na 12: asilimia 89.4 dhidi ya 89.8 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka 4, na wa miezi 6 walioathirika moyo walikuwa wachache zaidi. Utafiti wa Wafaransa haukuweza kuthibitisha hivyo, na miongozo mingi imebaki kwenye miezi 12. Maoni yetu: aliye na uwezo wa dozi 9 tu (ndiyo miezi 6) apewe hizo 9 kwa mpango, akielezwa, kuliko kunyimwa zote. Ila kuna dawa ambazo kupunguza ni kuharibu, hasa kemo za kuponya watoto na limfoma, na kwa macho huwezi kujua ipi ni ipi.

## Familia na pesa

12. Nani aanze kuzungumzia pesa, na tuulize nini?

Anzeni ninyi. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa 2015, zaidi ya nusu ya wagonjwa walitaka kuzungumza gharama na daktari, lakini kama mmoja kati ya watano tu ndiye aliyefanya hivyo. Zaidi ya nusu ya waliozungumza walisema gharama ilipungua. Huku kwetu aibu ni kubwa zaidi. Mtu anaogopa aonekane anamwekea mama yake bei.

Sema wazi: "Daktari, tuna kiasi hiki, na bima hii. Tupangie tiba tutakayoimaliza." Ombeni makadirio ya safari nzima badala ya mzunguko mmoja, na mwulize kama yamejumlisha vipimo vya damu kabla ya kila kemo, sindano za kuinua chembe nyeupe za damu na dawa za kuzuia kutapika. Hizi ndogondogo ndizo zinazovunja bajeti. (Olanzapini, kidonge cha bei nafuu, huzuia kichefuchefu cha kemo vizuri sana. Usishtuke mfamasia akikwambia kwamba ni dawa ya magonjwa ya akili.)

13. Tuuze shamba?

Swali hili daktari huulizwa mlangoni, ndugu mmoja akiwa amebaki nyuma wenzake wakishatoka. Hana haki ya kuwaamulia, lakini anawiwa ukweli. Mwulize: tukiuza, mgonjwa anapata nini ambacho hatakipata tusipouza? Jibu likiwa "kupona, kwa uwezekano mzuri", familia nyingi zitauza na zitafanya vyema. Jibu likiwa "pengine miezi miwili, na nusu yake wodini", ulizeni pia watoto watalima wapi mwakani, na mgonjwa mwenyewe anataka nini. Mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kuulizwa, na shamba ni lake.

Msiuze kabla ya majibu ya kipimo cha nyama. Hofu ya wiki ya kwanza huuza vitu kwa bei ya kutupa. Na harambee ikifanywa, iwe na lengo lililotajwa, kwa sababu watu huchanga kwa moyo mara ya kwanza tu.

14. Je, twende India?

Kwa baadhi ya mambo, kama upandikizaji wa uloto (uboho wa mifupa) au upasuaji mgumu usiofanyika nchini, safari inaweza kuwa na maana. Kwa kemo ya kawaida ya titi, utumbo au mlango wa kizazi, dawa ni zilezile za hapa. Linalosahaulika kwenye hesabu ni kinachofuata: mnarudi na mpango wa dawa ambazo huku hazimo kwenye bima, na daktari wa hapa hakushirikishwa. Kama mnachotafuta ni uhakika, tumeni ripoti, picha na vioo vya maabara vyenye vipande vya nyama ya mgonjwa vikasomwe tena huko. Vioo havihitaji viza wala hoteli.

15. Pesa zimekwisha katikati. Tukae nyumbani?

Rudini kliniki siku ya miadi hata mikono mitupu. Daktari akijua, anaweza kubadilisha dawa, kuomba msamaha, au kuwapeleka kwenye mpango wa msaada wa kampuni ya dawa. Asipojua, anaandika tu "hakufika". Mkirudi baada ya miezi 3, huenda ikabidi kupima upya na kuanza mwanzo, kwa gharama kubwa kuliko ile iliyowakimbiza.

16. Daktari anasema hakuna haja ya kemo zaidi. Ni kwa sababu hatuna pesa?

Inawezekana, na pia inawezekana sivyo. Mwulize moja kwa moja: "Mgonjwa mwenye pesa zote, mwenye hali kama hii, ungempa nini?" Akisema angempa ushauri huohuo, basi ni ugonjwa uliofika pale ambapo kemo inatesa bila kusaidia. Mgonjwa anayeshinda kitandani muda mwingi wa mchana kwa kawaida hapati faida ya kemo, tajiri au maskini. Akitaja dawa ambayo hamkuambiwa, mna haki ya kuijua, hata kama hamtaweza kuinunua.

Kuacha kemo hakumaanishi kuachwa bila tiba. Tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, ina bei ndogo kuliko zote kwenye ukurasa huu, na ndiyo inayokosekana kwa uzembe. Uganda imeonyesha njia: Hospice Africa Uganda ilianza 1993, na mofini ya maji, dawa kali ya maumivu inayochanganywa nchini kutoka unga, wagonjwa huipata bure. Familia iliyokwisha kutumia mamilioni kwa kemo, huku mgonjwa akilia usiku kwa kukosa chupa ya mofini, imeshauriwa vibaya.

## Hali zisizo za kawaida

17. Daktari wa hospitali ya serikali ananielekeza kliniki binafsi anakofanya kazi jioni. Niamini?

Uliza mambo mawili: je, huduma hii inapatikana hapa, na foleni ni ya muda gani? Kama mionzi ya mlango wa kizazi itachelewa miezi na kwingine ni wiki ijayo, kulipia haraka hiyo kunaweza kuwa pesa iliyotumika vizuri kuliko dawa yoyote mpya. Kama ni dripu ileile inayotolewa hapa keshokutwa, baki. Daktari asiye na la kuficha hatakasirika ukitaka maoni ya jopo la madaktari au ya mwenzake.

18. Tutunze nini ili tusilipe mara mbili?

Ripoti ya kipimo cha nyama, nakala halisi. Orodha ya kila dawa, dozi na tarehe, kwa sababu dawa kama doksorubisini ina kikomo cha kiasi ambacho mtu anaweza kupewa maishani mwake na daktari mpya lazima ajue umeshapata kiasi gani. CD za picha, pamoja na maandishi yake. Na bloku: kile kipande cha nta chenye nyama yako kilichobaki maabara. Kwa hicho, HER2 au kipimo kingine kipya kinaweza kufanywa bila kukukata tena. Maabara huwapa wagonjwa kwa maombi, na wewe hutia saini. Usiiache kwenye gari juani, maana nta huyeyuka.